Hela ya Tabora na thamani ya bitcoin

Wakubwa zangu shikamooni, na vijana wangu habari za jioni.

Nimekuja na sarafu moja. Naomba muipokezane, kila mtu aiweke kiganjani kidogo. Ni ya shaba ya manjano. Upande mmoja mtaona taji, mwaka 1916, herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani kwa Kijerumani, na chini kabisa T. Hiyo T ni Tabora. Upande wa pili imeandikwa 20 Heller, na humo ndimo tulimotoa neno letu la kila siku, hela.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza ziliziba pwani, sarafu kutoka Ujerumani zikawa haziji. Wajerumani wakazigonga wenyewe Tabora, kwa shaba yoyote iliyopatikana, maganda ya risasi yakiwemo. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Shaba ya sarafu hii haikupungua hata chembe siku ile. Aliyepungua ni mpokeaji.

Shikeni neno hilo, mpokeaji. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3, rupia ikiwa ndiyo pesa ya koloni lao. Mkulima alikuwa na mtama, mbuzi na chumvi yake, rupia ya nini? Sasa askari anakuja kuidai. Inabidi auze mazao au akafanye kibarua shambani kwa mtu ili aipate. Thamani ya rupia ile ilianzia mlangoni kwa mkulima, na ilianza kwa uchungu. Tusilisahau hilo tunapozungumzia pesa kana kwamba ni hesabu tupu.

Wapo wanaosema pesa ni dhahabu. Agosti 1971 Rais Nixon aliikata dola kutoka kwenye dhahabu, na watu wakaendelea kuipokea dola.

Lakini serikali nayo siyo jibu lote. Tazameni Somalia. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, benki kuu ikafa nayo. Noti zake ziliendelea kununua sukari na maziwa ya ngamia, kwa sababu watu walikwishazizoea na hapakuwa na wa kuchapa nyingine. Baadaye wababe wa vita na wafanyabiashara wakaagiza noti mpya kutoka nje, shehena kwa shehena. Thamani ikaporomoka, mpaka noti ya shilingi 1,000 ikakaribia gharama ya kuichapa tu.

Kwa hiyo aliyebuni bitcoin, sarafu ya kwenye kompyuta isiyo na serikali wala benki kuu, aligusa donda la kweli. Daftari lake la kuandikia malipo halina mwenyewe, na sarafu hazitazidi milioni 21. Wachimbaji, yaani wale ambao kompyuta zao zinaliandika daftari hilo, walianza kulipwa bitcoin mpya 50 kwa kila bloku, yaani kila ukurasa wa daftari, na malipo hayo yakawa yanakatwa nusu kila baada ya bloku 210,000. Tangu Aprili 2024 ni 3.125. Hapo hakuna mbabe wa kuagiza shehena. Naliheshimu sana jambo hilo.

Ila uadimu peke yake haulishi mtu. Hela hii mnayopokezana ni adimu, na hainunui chumvi. Bitcoin nayo ilikaa zaidi ya mwaka bila kununua kitu, hadi Mei 2010 mtu mmoja wa Florida alipotoa 10,000 akapata piza mbili. Amepatikana mpokeaji! Na mpokeaji huyo ni wa hiari. Leo yupo, kesho kaghairi. Novemba 2021 bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Daftari halikubadilika, uadimu haukubadilika. Wanunuzi waliogopa.

Kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni kama ahamishie huko ada ya mdogo wake. Nimemwambia hapana, nami narudia mbele yenu: ada ina tarehe, na shule inadai shilingi.

Tangu 2024 sheria yetu ya fedha hapa Tanzania inakata asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, bitcoin ikiwemo. Mwenye bitcoin akiuza, kodi hiyo inahesabiwa na kulipwa kwa shilingi. Shilingi hizo lazima zipatikane kwanza, kama rupia 3 za yule mkulima.