Hungaria ilivyoliwa kipande kipande, 1945 mpaka 1956

Haya jamani tuendelee, wa nyuma mnasikia? Sawa. Wengi wakisikia Stalin aliiteka Ulaya Mashariki wanawaza vifaru tu, yaani jeshi likaingia, bendera nyekundu juu, kazi kwisha. Haikwenda hivyo, na ndo maana leo nataka tukae na nchi moja tu, Hungaria, maana pale unaona kazi ilivyofanyika taratibu, tena kwa makaratasi.

Novemba 1945 vita vimeisha juzi tu, Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Moscow, limejaa mji mkuu Budapest, na bado uchaguzi unafanyika, uchaguzi wa kweli. Chama cha wakulima wadogo kinapata asilimia 57, wakomunisti 17. Kumi na saba! Ungesema hao basi tena. Lakini mkubwa wa tume ya washindi wa vita pale alikuwa Marshal Voroshilov wa Moscow, akashikilia iwe serikali ya mseto na wizara ya mambo ya ndani waachiwe wakomunisti. Wakulima wakakubali, wakajiambia waziri mkuu wetu, wabunge wengi wetu, wizara moja kitu gani bwana. Hapo ndo walipoliwa. Mambo ya ndani ni polisi, na polisi wa siasa walikuwa chini ya mkomunisti Gábor Péter, makao yao namba 60 barabara ya Andrássy, jumba lile lile walilokuwa wanalitumia mafashisti wa Hungaria kabla yao. Wametoka hawa wameingia hawa.

Sasa Rákosi, kiongozi wa wakomunisti, akaanza kuwakata wenzake kama soseji, kipande leo kipande kesho, na baadaye alikuja kujisifia mbinu hiyo mwenyewe. Machi 1946 wakadai wabunge fulani wa wakulima ni maadui, chama kikawafukuza 20 ili kuepusha shari, kumbe ndo kwanza shari inafungua mdomo. Mwaka uliofuata polisi wakaja na stori ya njama ya kupindua serikali, wakamtaka Béla Kovács, katibu mkuu wa wakulima. Bunge likagoma kumvua kinga ya ubunge ili akamatwe. Basi Februari 25, 1947 Warusi wakamkamata wenyewe wakampeleka kwao, karudi baada ya miaka mingi. Mnaona jeshi lilipoingia kazini? Pale tu karatasi ilipokwama. Mei, waziri mkuu Ferenc Nagy yuko likizo Uswisi, anaambiwa na wewe umetajwa kwenye ile njama, jiuzulu, na mwanae mdogo kabaki Hungaria. Akajiuzulu, akaletewa mtoto. Mimi simlaumu, nyie sijui.

Baada ya hapo ni mteremko, 1948 chama cha Social Democrats, wajamaa wasio wakomunisti, kikamezwa na wakomunisti, 1949 kura ina orodha moja tu.

Kuna mtu kaniuliza pale mlangoni mbona Warusi hawakuambiwa waondoke. Waliambiwa! Mkataba wa amani wa Paris wa 1947 uliwapa siku 90, isipokuwa wale wa kulinda njia ya kwenda kwa askari wenzao walioko Austria. Mei 15, 1955 Austria nayo ikasaini mkataba wake, askari wa kigeni watoke, kwahiyo kisingizio kimekufa. Ila Mei 14, siku moja kabla, Mkataba wa Warsaw, ule umoja wa kijeshi wa Moscow na nchi zilizo chini yake, ulishasainiwa na Hungaria imo, kwahiyo wakapata sababu mpya ya kubaki. Askari wa mwisho alitoka Juni 1991, piga hesabu mwenyewe.

Na ile wizara sasa. Baada ya ule uchaguzi wa 1945 aliyeishika kwanza ni mkomunisti Imre Nagy, siyo yule Ferenc, huyu ndo aliyetangaza 1956 kwamba Hungaria inajitoa Warsaw, vifaru vya Moscow vikaingia Budapest Novemba 4, akanyongwa 1958. Wa pili László Rajk, alinyongwa na chama chake mwenyewe 1949. Wa tatu János Kádár, akafungwa jela na hao hao wenzake, akatoka, na Moscow ikampa nchi nzima aiongoze kuanzia 1956 mpaka 1988. Haya, maswali, anza wewe mwenye shati la bluu.