Ukuta wenye mtoto anaamka kuuangalia

Bwana prefe, ba mama na ba baba walimu, na nyinyi vijana wa staji, wenye munajifunza ualimu na mumekaa kule nyuma, jambo yenu wote. Muliniomba niseme juu ya picha na makaratasi tunabandikaka mu klasi, na nilifurahi sana juu ni kitu niko nafikiria kila siku, hata nikiwa mu njia kwenda kazini.

Mimi ni mwalimu wa istwaa (historia), jeografia na sivike (uraia) hapa Goma. Munajua vile kwetu mu humanite, ni kusema sekondari, kengele ikilia mtoto habebi kitu, anabaki pa benchi yake, ni prof ndiye anabeba sako na kuhama. Saa ya kwanza niko mu ya kwanza humanite, saa inafuata niko kwa wafinaliste wenye wanangojea Egzeta, ule mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kisha nashuka tena kule chini, na saa saba watoto wa apremidi wanaingia mu vyumba vile vile. Sasa niulize, ule ukuta ni wa nani? Mu nchi zingine mwalimu ana chumba chake na watoto ndio wanamufuata, kwa hiyo anapamba vile anataka. Sisi tuko wageni mu kila klasi, na nilichukua miaka mingi kuelewa kama hiyo inaweza kutusaidia.

Pa mwanzo nilikuwa nabandika kila kitu. Orodha ya provensi, picha za baraisi, vifungu vya Katiba ya 2006, yote na maandishi mazuri ya rangi. Septemba watoto waliangalia, Oktoba hakuna hata mumoja mwenye aligeuza kichwa. Siku moja nikafunika ukuta na magazeti ya zamani nikawauliza, nini iko pale chini? Klasi nzima kimya. Wale watoto walikuwa wanakaa mbele ya ile kitu kila siku. Ilinichoma moyo, juu yale makaratasi nilinunua na pesa yangu na nilikesha nikiyaandika. Kitu cha kupamba jicho linazoea haraka, kama vile sisi tunazoea kuona moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo.

Kitu chenye kilinifungua macho ni ramani moja ya Afrika. Nilikuta imeviringwa mu depo, panya walikuwa wamekula pembe moja, na juu ya nchi yetu imeandikwa Zaïre. Mwenzangu mumoja aliniambia tupa hiyo, itapoteza watoto. Nilikuwa karibu kuitupa kweli, kisha nikaibandika mu ya tatu bila kusema neno, na chini yake karatasi ndogo yenye swali moja tu: hii ramani ina miaka ngapi? Tarehe ilikuwa imeenda na ile pembe ya panya.

Wandugu, ile wiki sikufundisha, walifundishana. Wa kwanza akasema Zaïre ilianza 1971 ikaisha 1997, basi iko mule katikati. Mwengine akaona Kivu ni moja, haina Nord wala Sud, na Maniema haionekane, akakumbuka kama waliigawanya mu 1988, kwa hiyo ni mbele ya hapo. Halafu binti mumoja mwenye hasemakaka, kabisa hasemi, akaamka pa benchi yake mu saa ya mtu mwengine, na ule prof alinilalamikia mpaka leo ananikumbusha, akaenda kuweka kidole pa Zimbabwe. Zimbabwe, haikuandikwa Rhodesia, jina lake la zamani. Basi ni kisha 1980. Na kesho yake akarudi tena akaona Haute-Volta, nchi yenye ilikuja kuwa Burkina Faso mu Agosti 1984. Miaka ine tu ilibaki! Sudani ilikuwa nzima, Eritrea iko ndani ya Etiopia, Namibia haina jina lake, na kila siku mtu alileta kitu kingine cha kuhakikisha. Ramani yenye walisema itapoteza watoto iliwafundisha kama ramani ni karatasi yenye watu waliandika mu siku fulani, na watu wanabadilishaka.

Tangu pale niko na kipimo kimoja: kitu nabandika, je, kuna mtoto ataamka pa benchi kuja kukiangalia karibu? Kama hapana, natoa.

Kwa mufano Mkutano wa Berlin. Mtoto yeyote atakuambia mipaka yetu ilipangwa pale, 1884 mpaka 1885, anaandika vile mu kazi na sisi tunampa pointi. Lakini hii mpaka yenye tuko nayo hapa, hii tunavuka kwa miguu pa kituo cha Petite Barrière tukienda Gisenyi, kule Rwanda, haikumalizika Berlin. Wabeljiki na Wajerumani waligombania Kivu miaka mingi, na ni mu 1910, kule Bruxelles, Waingereza nao wakiwemo, ndipo walielewana, na kisiwa cha Idjwi kikabaki upande wetu. Mimi nabandika michoro mbili za ziwa, moja na mpaka ya leo, ingine bila mpaka yote, na swali: nani alichora huu mustari na alikuwa amekaa wapi? Naacha wiki mbili. Jibu sibandike, na hapo vijana wa staji munisikilize vizuri, juu hamu ya kubandika jibu ni kubwa sana na ndiyo inaua ukuta.

Sasa juu ya kuhama. Ukuta wetu hapa ni wa mawe ya volkano, musumari hauingii, na mvua ikianza skochi inaachia kwa siku mbili. Tena kuna mwaka moja, mu shule moja, nilirudi kisha konje (likizo) nikakuta wamepaka rangi kila klasi na kazi yote ya watoto ilichomwa pamoja na uchafu. Hakuna mwenye aliniambia mbele. Nililia, siogope kusema.

Kwa hiyo sibandike tena pa ukuta. Natumia magunia ya sukari yameshonwa pamoja, kamba ya nailoni na pensi za kuanikia nguo. Naviringa, natia mu kwapa, nahama nayo. Na hapo ndipo kazi ya klasi moja ilianza kusoma kazi ya klasi ingine. Ya kwanza walianza mustari wa wakati wa Goma, wakaandika 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021, siku tatu za lava. Nikaufungua kwa wafinaliste, wakasema hii ni tarehe tupu, watu wako wapi? Wakaenda kuuliza nyumbani. Bibi wa mumoja alikuwa kijana mu 1977. Mwengine baba yake aliona lava ya 2002 ikipita katikati ya mji mpaka mu ziwa. Na ya 2021 ni wao wenyewe, ile asubuhi ya 27 Mei wametuambia tuhame, wengine Sake, wengine Gisenyi, mtoto ameshika godoro. Waliandika na biki pa vipande vya karatasi, wakashona pa gunia na uzi. Saa iliyofuata wadogo wakasoma maneno ya wakubwa, na mumoja akauliza, prof, 1977 mpaka 2002 ni miaka 25, mpaka 2021 ni 19, sasa ingine ni lini? Nikamwambia mulima haufuate kalenda, twende tuone Observatwari ya volkano inapimaka nini. Hiyo somo haikuwa mu programu yangu.

Lile gunia na ile ramani niko navyo hapa, mutaona nimevitundika pale karibu na mulango. Ramani bado haijamalizika. Kuna penseli imefungwa na uzi, mwenye ataona kitu chenye watoto hawajaona aandike pembeni, Jumatatu nitawapelekea.