Rudini na Jibu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata, vijiji na mitaa, na ninyi wenyeviti ambao wengine mmeondoka majumbani alfajiri ili muwahi kikao hiki: salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii kwa miaka 26, katika kata tatu tofauti, nikastaafu salama. Mmeniomba nizungumzie mawasiliano kati ya serikali za mitaa na wananchi. Sheria nitaifikia. Kwanza niwaeleze habari ya mzee mmoja na alama ya X.

Mzee huyu alikuwa fundi seremala, nyumba yake iko kando ya barabara kuu. Ijumaa moja ametoka swala ya mchana, anafika nyumbani anakuta X imechorwa ukutani, kati ya mlango na dirisha. Rangi ya kijani, bado mbichi, imechuruzika hadi kwenye msingi. Mkewe yuko shambani. Jirani anasema walikuja watu na gari, wakavuta futi ya kupimia kutoka katikati ya lami, wakachora, wakaondoka. Hawakubisha hodi kwa mtu yeyote. Mzee akaja moja kwa moja ofisi ya kata. Kidole chake cha shahada kilikuwa na rangi ya kijani, maana aliigusa ile alama. Akasema, "Mwanangu, wanabomoa lini?"

Sikujua. Mtendaji wa kata naye hakujua. Waliochora hawakuwa watu wetu, na barabara haikuwa ya halmashauri. Tukamwambia, "Mzee, rudi Jumatatu."

Jumatatu tukapata maelezo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 za zamani anachorewa X nyekundu, hana fidia. Ambaye sheria mpya imemkuta kwake anachorewa X ya kijani, na huyo analipwa. Yaani ile kijani ilikuwa habari njema, kama habari ya kuhamishwa inaweza kuwa njema.

Lakini Jumamosi na Jumapili mzee alikuwa ameshang'oa milango yote na fremu za madirisha. Milango ya mninga, kaitengeneza kwa mikono yake, asingeiacha isagwe na tingatinga. Ameuza mbuzi wawili kwa bei ya haraka, amehamishia wajukuu kwa ndugu yake. Mthamini alipokuja aliikuta nyumba haina milango wala madirisha, akaandika alichokiona.

Nimeyatafakari haya kwa miaka mingi. Kosa letu halikuwa kutojua, kwa sababu hakuna mtendaji anayejua kila mradi wa kila idara. Kosa letu ni kwamba baada ya kumwambia arudi Jumatatu, tulifunga ofisi tukaenda majumbani. Simu tulikuwa nazo. Ingetosha kupiga simu moja Ijumaa ile, kuuliza kijani maana yake nini, kisha kumtuma mtu kwa pikipiki amwambie mzee: usiguse kitu, subiri mthamini. Barabara haikuwa yetu, lakini mlango alioubisha ulikuwa wetu.

Ndugu zangu, ndiyo maana nikiambiwa nizungumzie mawasiliano, nazungumzia zaidi kurudi na jibu. Kutangaza tunajua. Gari la matangazo tunalo, mgambo wapo, barua zenye mihuri tunaandika. Tunachoshindwa ni kumrudia mtu aliyeuliza. Na jibu ninalolisema si lazima liwe la kufurahisha. "Hapana" ni jibu. "Bado, na sababu ni hii" ni jibu. "Linafanyiwa kazi" si jibu, kwa sababu mwananchi akitoka nalo ofisini hajui afanye nini kesho asubuhi.

Sasa sheria, kwa kifupi. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 18 inampa kila mwananchi haki ya kupewa taarifa za mambo yanayogusa maisha yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inataka aliyeomba taarifa kwa maandishi ajibiwe haraka iwezekanavyo, na isipite siku 30. Wakubwa kati yetu wanakumbuka kwamba mwaka 1972 halmashauri zilifutwa nchini, mambo yakawa yanapangwa mkoani na wilayani. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 kwa sababu palikuwa na pengo. Pengo lenyewe ni hiki kiti ulichokalia wewe: mtu wa karibu, anayefikika kwa miguu, anayeweza kuulizwa.

Twende kwenye mkutano mkuu wa kijiji, maana hapa nina mengi. Sheria inataka ufanyike angalau mara moja kila miezi 3, na wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Nimesikia mara nyingi watendaji wakilalamika kwamba watu hawaji, akidi haitimii. Nami nimesimama vijijini nikasikia mbiu inavyopigwa. Saa kumi na mbili jioni mgambo anapita: "Kesho saa nne asubuhi mkutano, kila mtu afike bila kukosa, asiyefika atachukuliwa hatua!" Basi. Mkutano wa nini? Hakuna aliyeambiwa. Msikilizaji anamalizia mwenyewe: michango. Asubuhi anawahi shambani kabla jua halijachomoza, na kama ni msimu wa palizi simlaumu.

Jaribuni kupiga mbiu namna nyingine. Siku tano kabla, sema ajenda: tutasoma mapato na matumizi ya miezi mitatu, na tutaamua kisima kikae kitongoji kipi. Mtu akisikia kwamba kisima kinaweza kwenda upande wa pili, atakuja. Na saa ya mkutano waulizeni akina mama, kwa sababu saa nne asubuhi ndiyo saa ya maji, kuni na mtoto mgonjwa. Wakija wakati huo wanakaa nyuma, mguu mmoja ndani mmoja nje, na mkutano ukifika kwenye maswali wameshaondoka. Halafu tunaandika kwenye muhtasari kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja.

Katika mkutano wenyewe, taarifa ya fedha inasomwaje? Tunasoma kwa kasi, "salio anzia, jumla ndogo, jumla kuu", watu wanapiga makofi kwa adabu. Nimewahi kumwona mtendaji wa kijiji mmoja, kijana mdogo, akifanya vingine. Alileta mbao tatu za darasani. Kwenye ubao wa kwanza akaandika fedha zilizoingia, wa pili zilizotoka, wa tatu zilizobaki. Risiti akazibandika kwa gundi ya ugali chini ya kila namba, akasema, "Njooni mzione, aliye na macho mabovu amlete mjukuu." Mkutano ulikawia, watu walibishana hasa, mifuko ya saruji ikahesabiwa upya pale pale. Lakini mwezi uliofuata, mchango wa darasa ulikusanywa bila mgambo kuingia nyumba ya mtu.

Nimetaja darasa. Wengi wenu mna maboma. Wananchi wamechangia tofali, mchanga na nguvu zao, ukuta umefika kwenye lenta, wakaahidiwa kwamba halmashauri itapaua. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, nyasi zikaota ndani. Mnajua sababu: fedha za umaliziaji zimegawanywa kwa shule zilizokuwa na hali mbaya zaidi, au makusanyo hayakufikia lengo. Ni sababu za haki kabisa. Lakini mzazi anayepita hapo kila siku hazijui. Anachokijua ni kwamba alitoa. Ukirudi kwake na mchango wa zahanati, atakuuliza lile la darasa limeishia wapi, na wewe utamwita mkorofi.

Hata mikopo ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilitupa funzo hilo hilo. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Nilikifahamu kikundi cha akina mama wakamua mafuta ya alizeti waliokwisha kujaza fomu zote. Hakuna aliyewafuata kuwaambia imesimama kwa kila mtu. Waliambizana wenyewe kwa wenyewe kwamba mweka hazina wao hakutoa kitu kidogo ndipo wakakosa. Mweka hazina akajitoa kwa aibu. Uvumi huo haukuletwa na adui wa mtu, uliota kwa sababu palikuwa kimya.

Na mbao za matangazo. Niliwahi kusimama mbele ya mmoja dakika kumi nzima. Kabati la kioo, kufuli lina kutu, ndani karatasi za mwaka wa fedha uliopita, herufi ndogo kama mchanga, na vichwa vya safu ni vifupisho vitupu. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaniuliza, "Huyu OC ndiye nani, mbona anapewa hela nyingi?" Hakuwa anatania. Nikamweleza kwamba ni matumizi mengineyo: mafuta ya gari, karatasi, posho za safari. Akaitikia, "Kumbe. Si wangeandika hivyo?"

Wangeandika hivyo. Andikeni hivyo. Na karatasi moja ibandikwe pale watu wanapokaa kwa hiari yao: mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda, gulio siku ya mnada, ukuta wa zahanati. Kundi la WhatsApp la mtaa ni zuri, endeleeni nalo, ila mkumbuke kwamba bibi mwenye simu ya tochi hayumo, na huyo ndiye mwenye kiwanja kinachopitiwa na bomba. Kama redio jamii inasikika kwenu, ombeni nusu saa kwa wiki na mpokee simu za wasikilizaji, zile za hasira pia.

Ndugu Mkurugenzi, sasa naomba niseme na wewe kwa heshima, maana uko hapa. Watendaji wako wengi wako kimya kwa sababu nao hawajaambiwa. Mtendaji wa kijiji anaona lori linamwaga kokoto, anaulizwa na watu ni za nini, naye anakodoa macho kama wao. Akisema neno, anaogopa kuulizwa nani amemruhusu kuzungumza. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwasiliana na yeyote, hata umpe semina kumi. Kabla mradi haujaingia kijijini, mpe karatasi moja kwa Kiswahili: kazi gani, mkandarasi nani, fedha kiasi gani, unaanza lini, unaisha lini, akikwama ampigie nani. Umwambie mbele ya wenzake kwamba hayo yote anaruhusiwa kuyasema. Na mkandarasi akichelewa, yeye awe wa kwanza kujua, maana ndiye atakayesimamishwa njiani.

Ninyi watendaji nanyi nawaomba kitu kimoja kidogo. Nunueni daftari la kurasa mia. Kila anayekuja na swali, andika jina, kitongoji, swali, na siku uliyomwahidi. Siku hiyo ikifika hujapata jibu, mfuate umwambie hujapata. Ni jambo gumu, najua, unaona haya kwenda mikono mitupu. Nenda hivyo hivyo.

Naomba niishie hapa ili muda uliobaki uwe wa maswali. Mama uliyekaa kule nyuma karibu na mlango, mwenye kilemba cha bluu, umenyoosha mkono tangu nilipotaja michango, na kila mara umeushusha. Mpelekeeni kipaza sauti. Karibu, mama. Nikishindwa kukujibu leo nitaandika swali lako pamoja na namba yako, na kesho jioni nitakupigia, hata kama nitakuwa bado natafuta.