Kidole cha Mtoto katika Tathmini ya Usonji

MWANAIDI: Karibuni tena. Kaka Yusufu, leo tuliahidi kueleza hatua za tathmini ya usonji (autism), aina za tiba na maswali ambayo mzazi amuulize mtaalamu. Kabla ya hayo, naomba nisimulie nilichokiona wiki hii nilipomsindikiza mdogo wangu na mwanawe wa miaka miwili na nusu. Usikivu wake ulikuwa umekwisha kupimwa, kwa kuwa mtoto asiyeitika jina lake huenda hasikii vizuri. Mtaalamu alikaa sakafuni, akapuliza mapovu ya sabuni, kisha akafunga kichupa na kunyamaza.

YUSUFU: Mtoto alifanya nini?

MWANAIDI: Hakumtazama usoni wala hakunyoosha kidole. Aliushika mkono wa mtaalamu, akauweka juu ya kifuniko kama mtu atiaye ufunguo kwenye kitasa.

YUSUFU: Tathmini ya ADOS-2, ambayo ni uchunguzi wa usonji kwa njia ya mchezo na mazungumzo, imejengwa juu ya nyakati kama hizo, ambapo mtoto hupewa sababu ya kuwasiliana ili ionekane atatumia njia gani. Kidole kina uzito mkubwa hapo. Hata dodoso la M-CHAT-R, ambalo mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30 hujibu maswali 20, lina maswali matatu yanayohusu kuonyesha kwa kidole, ingawa dodoso hilo huchuja tu na halitoshi kuthibitisha usonji.

MWANAIDI: Mdogo wangu aliuliza, «Akitaka maji hunivuta hadi kwenye maji, mbona mnasema hawasiliani?» Ana haki, kwani huko ni kuwasiliana. Hata hivyo, mtoto anayeonyesha ndege angani hataki apewe ndege. Anataka mwenzake naye amwone. Mzazi hufuata kidole, hutaja jina, na lugha hupata pa kushika.

YUSUFU: Kwa hiyo tiba ianze na kidole. Mtoto ashikwe mkono kwa upole, asaidiwe kuonyesha, apewe anachotaka papo hapo, na msaada upunguzwe hatua kwa hatua.

MWANAIDI: Hapo sikubaliani nawe. Kidole kilichofundishwa kwa tuzo kitaomba tu, na hamu ya kumshirikisha mwenzake itabaki pale pale. Njia ya Denver, tiba ya usonji kwa watoto wadogo ambayo utafiti wake wa mwaka 2010 ulihusu watoto 48 wa miezi 18 hadi 30, humfuata mtoto katika mchezo anaoupenda, na baada ya miaka miwili wale waliopata tiba hiyo walipiga hatua kubwa zaidi katika lugha kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida.

YUSUFU: Lakini Denver yenyewe, dada yangu, ina kanuni za tiba ya tabia ndani yake, tuzo zikiwemo.

MWANAIDI: Tuzo yake ni mchezo wenyewe, wala si kipande cha biskuti kisichohusiana na kilichoonyeshwa.

YUSUFU: Na mtoto anayelia kwa kiu, asiyeweza kusema lolote, asubiri mpaka hamu hiyo ikomae?

MWANAIDI: Apewe kadi za picha, amkabidhi mzazi picha ya maji. Ninachokataa ni kuuendesha mkono wake, kwa sababu atajifunza kwamba mwili wake huongozwa na wengine.

YUSUFU: Mtoto akiuvuta mkono wake, mwalimu aache mara moja; hilo silipingi. Lakini kumnyima msaada wa mkono mtoto ambaye bado haigi ishara za wengine ni kumfungia mlango ambao wenzake huupita bila kufundishwa.

MWANAIDI: Na mimi naona kuiga kwenyewe ndiko kufundishwe kwanza, kwa mtu mzima kumwiga mtoto mpaka mtoto atambue kwamba anaigwa.

YUSUFU: Hilo huchukua muda, na tathmini nyingi huchelewa tayari.

MWANAIDI: Muda wetu pia umekwisha, na maswali ya kumuuliza mtaalamu hatujayagusa.

YUSUFU: Tuyaweke wiki ijayo, na la kwanza liwe hili la kushika mkono, kwa maana msimamo wangu haujabadilika.

MWANAIDI: Wala wangu.