Anayeogopa Mkasi: mazungumzo na wanafunzi wapya wa ushonaji

Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni.

Mwalimu wenu aliniomba nizungumzie soko la nguo, lakini asubuhi nimepita karakanani nikaona jambo. Binti mmoja kasimama mbele ya kitenge. Chaki keshapitisha, futi iko shingoni, mkasi mkononi. Nimezunguka vyerehani vyote nikarudi, bado kasimama, anapima kiuno alichokwisha kukipima.

Simcheki. Mimi niliweka kitambaa cha shati kabatini miezi minne. Nikiulizwa, nasema nasubiri uzi wa rangi yake, na uzi upo duka la jirani. Nilikuwa nasubiri mkono wangu ujue kukata kola kabla haujawahi kukata kola.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kwenye kazi hii makosa ni ya aina mbili, na mwenye hofu huyachanganya. Kosa la mshono hufumuliwa. Zipu imejikunja, pindo limepanda upande mmoja: chukua wembe, fumua, piga pasi, rudia. Fundi mnayemsifu mtaani anafumua sana tu, ila ninyi mnafika nguo ikiwa imeshaning'inizwa. Kosa la mkasi ndilo gumu. Hata hilo lina kinga yake: acha akiba ya kutosha ubavuni, nguo ikibana unaachia.

Na kabla ya kitenge kuna karatasi ya mfuko wa saruji. Kuna na marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho wafanyabiashara wa Marekani walikileta Zanzibar karne ya 19, jina likabaki. Haribu hapo. Cherehani nacho, kitoe uzi kwanza, ushone karatasi yenye mistari. Matundu ya sindano yatakuonyesha mkono ulipopotea.

Tunaipenda mno "haraka haraka haina baraka", maana inatufichia uoga. Wazee hao hao walisema "ngoja ngoja huumiza matumbo". Hiyo mbona siisikii humu?

Ila tusidanganyane, kitambaa si kitu. Kinachoogopwa ni kicheko. Nimewasikia pale nyuma mkimcheka mwenzenu aliyekata mikono miwili ya kushoto. Mimi nilikata miwili ya kulia, tena blauzi ya mteja, kwa sababu nilikata mmoja mmoja nikasahau kugeuza karatasi yenye umbo la mkono ninayoifuata kukata. Nilinunua kitambaa kingine kwa hela yangu. Tangu siku ile nakunja kitambaa, nakata yote miwili kwa pamoja. Mwalimu wangu alikuwa amenieleza hivyo mara nyingi, sikuwahi kumwelewa.

Yule binti simtaji, anajijua. Mwanangu, kitenge chako kirudishe kabatini kwa leo. Nimekuja na mifuko mitatu ya saruji, nimeshaikung'uta vumbi. Twende tukakate kola, uanze wewe.