Unaposhika Darasa la Mwenzako

Walimu wenzangu, na hasa ninyi mnaojitolea katika shule za msingi, asanteni kwa kuja. Leo nataka tuzungumzie unavyosema na watoto wa darasa la kwanza na la pili pale mwalimu wao anapokuwa hayupo.

Sheria yetu ya kazi hapa Tanzania inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, na siku 100 akipata mapacha. Kwa mtoto wa miaka sita, hiyo ni sehemu kubwa ya muhula. Aliyemshika mkono akaandika herufi ya kwanza hayupo, umeingia wewe. Mtoto huyo haulizi wewe ni nani. Anauliza: mwalimu wetu yuko wapi? Mjibuni kabla hamjashika chaki. "Mwalimu wenu amejifungua, yuko nyumbani, hajambo, likizo ikiisha atarudi." Kama anaumwa, ugonjwa wake ni siri yake, inatosha kusema anatibiwa. Na kama hujui atarudi lini, usiwaambie Jumatatu. Wataisubiri hiyo Jumatatu.

Kuna sentensi moja naomba tuiache kabisa: "Ngojeni, mwalimu wenu akirudi nitamwambia!" Najua inatuliza darasa haraka. Lakini umeshamgeuza mwenzako kuwa kitisho, na watoto waliokuwa wanamkumbuka sasa wanaogopa kurudi kwake. Kosa la leo limalize leo, wewe mwenyewe, kwa maneno na bila fimbo.

Tukija kwenye somo, usiliulize darasa la watoto sabini "mmefika wapi?" Kila mmoja atakuwa na jibu lake. Soma andalio la somo, kisha fungua madaftari machache, ya waliokaa mbele na ya waliokaa nyuma kabisa. Hapo utaona pia njia ya mwenzako. Kama anaanzia sauti ya herufi, nawe ukaja na "ma, me, mi, mo, mu", mtoto anayeanza kusoma atadhani ni somo jingine. Fuata njia yake, hata kama yako unaiona bora.

Maelekezo yatoe moja moja. "Toeni madaftari." Subiri. Pita uone. Ndipo useme, "Andikeni tarehe."

Siku ya makabidhiano, mwandikie mwenzako: nani ameanza kusoma, nani amekwama kwenye hesabu za kutoa, nani ameacha kuja shule na tangu lini.