Deki ya Leza Diski: Nani Anachuja Picha?

ZUHURA: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni. Ni mimi Zuhura, na pembeni yangu kama kawaida kaka Bakari, tuko hapa Tanga. Leo kuna ujumbe kutoka Chumbageni. Msikilizaji wetu kapata deki ya leza diski, zile diski za filamu kubwa kama sahani ya santuri, kwenye mzigo wa mitumba ya Japani, Pioneer, na diski kadhaa juu yake. Kaiunganisha na TV bapa ya inchi 50, na picha imemvunja moyo. Anauliza, ndiyo hii iliyokuwa inasifiwa?

BAKARI: Waaleikum salaam. Kwanza nijue, aliichomekaje? Deki ya Japani inataka volti 100, na soketi zetu zinatoa 230.

ZUHURA: Anasema ana transfoma ya kushusha umeme.

BAKARI: Hapo sawa. Basi deki yake huenda ni nzima kabisa. Picha inaharibikia kwenye TV.

ZUHURA: TV mpya kabisa hiyo, kaka.

BAKARI: Ndiyo maana. Watu wakiona leza, wakiona diski inang'aa, wanadhani ndani mna dijitali kama DVD. Sauti ndiyo iliyokuja kuwa ya dijitali katikati ya miaka ya 80, kwa kipimo kilekile cha CD. Picha imebaki analogi tangu diski za kwanza zilizouzwa Marekani mwaka 1978. Leza inasoma vishimo vidogo mno, na urefu wa kila kishimo pamoja na nafasi inayokifuata ndivyo vinavyobeba wimbi la picha. Na wimbi lenyewe ni moja. Mwanga na rangi vimechanganywa humohumo kwenye diski.

ZUHURA: Kwa hiyo lazima pawe na kitu cha kuvitenganisha.

BAKARI: Hapo hapo dada! Ukitumia ule waya wa njano, mchanganyiko unakwenda mzima na TV ndiyo inayochuja. Ukitumia S-Video, waya unaopitisha mwanga na rangi kila kimoja njia yake, deki imeshachuja. Wengi wanakimbilia S-Video kwa sababu wamesikia ni bora, na kwa DVD ni bora kweli. Kwa leza diski inategemea kichujio kizuri kiko wapi. HLD-X9, ile Pioneer ya bei mbaya ya Japani, ina kichujio makini sana, hiyo iachie kazi yake. Lakini deki ya kawaida ya miaka ya 80 na TV nzuri ya chogo ya Sony ya miaka ya 90, mimi nachukua waya wa njano bila kufikiri mara mbili.

ZUHURA: Atajuaje kama kichujio chake ni kibovu?

BAKARI: Asogee karibu na kioo. Atafute mahali nyekundu inapogusana na bluu, au maandishi ya rangi. Pale mpakani ataona vidoa vinatambaa kama msafara wa siafu. Kisha amtafute mtu aliyevaa shati la mistari myembamba. Mistari itatoa rangi za upinde wa mvua ambazo shati halina. Mambo hayo mawili yakizidi, kichujio kimeshindwa. TV bapa nyingi za bei nafuu zinachuja ovyo, halafu zinakuza kila kosa mpaka lijae inchi 50.

ZUHURA: Na kwenye chogo?

BAKARI: Chogo imetengenezwa kwa wimbi hili hasa. Ukali wa picha ya leza diski ya mfumo wa NTSC unafika mistari kama 425, kanda ya VHS ni kama 240. Kwenye chogo ya inchi 29 tofauti hiyo unaiona ukiwa umekaa kwenye kochi. DVD bado ina picha kali zaidi na rangi safi zaidi, tusidanganyane. Ila picha ya DVD imebanwa ili itoshe kwenye diski, na diski zake za mwanzo ukifika kwenye moshi au maji yanayochemka, picha inakatika vipande vipande vya miraba. Leza diski haina hiyo. Ina chenga laini tu, na mimi ile chenga naipenda.

ZUHURA: Tuseme pia, si kila chogo itakubali. Chogo za huku ni za mfumo wa PAL, na diski za Japani na Marekani ni NTSC.

BAKARI: Kweli. Nyingi zilizoingia kupitia Dubai zinapokea zote mbili. Iliyo PAL tupu itakupa nyeusi na nyeupe, au picha inayopanda juu bila kutulia.

ZUHURA: Mimi kaka kilichoniteka ni ile kusimamisha picha. Inatulia tuli, haitetemeki.

BAKARI: Hiyo ni diski ya CAV, aina inayozunguka kwa kasi ileile muda wote. Ichukue uiinamishe kwenye taa. Utaona mistari imetoka katikati mpaka ukingoni, pande mbili zinazotazamana. Ni kwa sababu kila mzunguko mmoja umebeba fremu moja kamili, hakuna zaidi wala pungufu, kwa hiyo mwanzo wa kila fremu umepangana na wa jirani yake. Diski inazunguka mara 1,800 kwa dakika. Ukibonyeza kusimamisha, leza inarudia mzunguko uleule tu, haihitaji kumbukumbu yoyote.

ZUHURA: Na kila fremu ina namba.

BAKARI: Mpaka fremu 54,000 kwa upande mmoja. Unaandika namba kwenye remoti, deki inakupeleka pale pale. Mwalimu angeweza kuonyesha mdudu mmoja, mshipa mmoja, darasa zima likautazama. Hapo bado sijaona kanda iliyoikaribia.

ZUHURA: Ila upande mmoja wa CAV unaisha kwa nusu saa.

BAKARI: Ndiyo bei yake. CLV, aina ya pili ya diski, inakupa saa nzima kwa upande, lakini kusimamisha picha kunataka deki yenye kumbukumbu ya dijitali.

ZUHURA: Na zile chenga kali, zinazomwagika kioo kizima?

BAKARI: Hizo ni kuoza kwa diski. Diski ni pande mbili zilizogandishwa, na ndani kuna utando wa alumini. Gundi au usafi wa kiwandani ukiwa mbaya, alumini inaliwa taratibu. Kufuta hakusaidii, kosa liko ndani. Kwa hiyo kabla hajatoa hela kwa diski nyingine aicheze mpaka mwisho wa upande, asiridhike na dakika mbili za mwanzo.

ZUHURA: Na deki yenyewe akague nini?

BAKARI: Treyi. Ikikwama au ikijivuta kwa uzito, mara nyingi ni mkanda wa mpira umelegea, fundi redio yeyote mwenye subira anaubadilisha. Lensi ifutwe taratibu kwa pamba na spiriti safi. Na aulizie remoti ya asili, maana kwenye deki nyingi vitufe vya namba viko huko tu.

ZUHURA: Kwa hiyo ndugu yetu wa Chumbageni, waya wa njano, chogo ya jirani, usiku wa leo.

BAKARI: Na atutumie picha ya lile shati la mistari, tuone.